Prado la mjomba na gunia la viazi: namna ya kuandika na kuongoza filamu fupi ukiwa Mbeya

Kila kijana anayeniletea skripti yake ya kwanza hapa Mbeya, ukurasa wa pili lazima uwe na Prado. Prado linaingia getini, mlinzi anapiga saluti, tajiri anashuka huku akiongea na simu. Namuuliza, gari la nani? La mjomba. Mjomba amekubali? Bado hajaambiwa. Na jumba? Liko mtaa wa Forest, la rafiki yake mjomba.

Filamu hiyo haitengenezwi. Ikitengenezwa, inakuwa nakala hafifu ya kitu ambacho wenzetu wa Dar es Salaam wanakifanya vizuri zaidi, maana wao Prado wanalo. Sisi tuna ukungu, tuna malori, tuna magunia, tuna baridi ya Juni inayomfanya mtu aongee na moshi ukimtoka mdomoni. Kwa hiyo hapa tutakwenda kinyumenyume: tutaanza na vitu, hadithi itafuata. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, filamu ya dakika 10 tuliyoipika na vijana wa Uyole, hapa hapa Mbeya, ili usibaki na nadharia tupu.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Robert Rodriguez alipotengeneza El Mariachi, iliyotoka mwaka 1992, alikuwa na takriban dola 7,000. Hakuanza kwa kuwaza hadithi kisha akatafuta vitu. Alihesabu kwanza vitu anavyoweza kuvipata bure katika mji mdogo wa mpakani mwa Mexico: basi, mbwa, kobe, kasha la gitaa. Vyote vikaingia kwenye filamu. Mtazamaji akidhani kobe yule anayekatiza barabara ni ubunifu mkubwa, ukweli ni kwamba kobe alikuwepo.

Chukua daftari uandike vitu 20. Si vitu unavyotamani, ni vitu ambavyo kesho saa 12 asubuhi ukivihitaji vipo. Orodha yetu ilikuwa na lori la viazi linalopakiwa kando ya barabara, magunia ya lumbesa, sindano ya kushonea magunia, bajaji ya kaka wa mmoja wetu, khanga za mama, mtoto wa jirani anayejua kukaa kimya (huyu ni dhahabu), na ukungu. Ukungu wa Uyole ungekuwa studio za watu ungelipiwa kwa saa. Hapa unaingia bila hodi.

Watu wa Iringa wana mawe ya Gangilonga na barabara inayoteremka Kitonga. Njombe wana vyumba vyenye jiko la mkaa katikati na watu wamejifunika mablanketi mchana kweupe. Tukuyu wana migomba na mvua isiyokwisha hamu. Andika cha kwako.

Hatua ya 2: Mtu mmoja, kitu kimoja, siku moja

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Vittorio De Sica, mwaka 1948, alitengeneza filamu nzima juu ya mtu aliyeibiwa baiskeli mjini Roma. Amepata kazi ya kubandika mabango na kazi yenyewe haifanyiki bila baiskeli. Baiskeli inaibwa. Basi. Anaitafuta na mwanawe mdogo. Abbas Kiarostami wa Iran, mwaka 1987, alitoa filamu ya mtoto aliyechukua daftari la mwenzake kwa bahati mbaya, na asipolirudisha leo mwenzake atafukuzwa shule. Anahangaika kijiji cha pili kutafuta nyumba ya rafiki yake. Na Ousmane Sembène wa Senegal, katika Borom Sarret ya mwaka 1963, alimfuata mwendesha mkokoteni wa Dakar kwa siku moja, kwa dakika zisizozidi 20 hivi, hadi mkokoteni unachukuliwa na polisi.

Baiskeli, daftari, mkokoteni. Ona vilivyo vidogo. Ukubwa haumo kwenye kitu, umo kwenye kinachotokea mtu akikikosa. Kwa hiyo chukua kitu kimoja kutoka kwenye orodha yako, mpe mtu, kisha mnyang'anye. Halafu jibu maswali haya kwa sentensi fupi: anataka nini? Nini kinamzuia? Akikosa, kesho yake ikoje? Na muda unaisha lini?

Yetu ikawa hivi. Lusajo, miaka 11, anaishi na mama yake kwenye miteremko ya milima ya Uporoto. Usiku mama anafunga fedha za sare ya shule kwenye kitambaa, kwa fundo lake la ajabu ambalo Lusajo hujaribu kulifunga na kushindwa. Alfajiri wanajaza gunia la mwisho la viazi. Kitambaa kinadondoka ndani. Gunia linashonwa, dalali anabeba. Kabla ya jua kuchomoza vizuri gunia liko Uyole, linapakiwa kwenda Dar es Salaam. Lori litaondoka ukungu ukiinuka.

Saa yetu ni ukungu. Hatukuhitaji saa ya ukutani wala mtu wa kusema "tumebakiza dakika tano". Mtazamaji anaona kilima kinaanza kutokea nyuma ya lori, na tumbo lake linamwambia.

Hatua ya 3: Amua nani anajua nini

Alfred Hitchcock alikuwa na mfano wake maarufu wa bomu chini ya meza. Watu wawili wanaongea, bomu linalipuka ghafla: umempa mtazamaji mshtuko wa sekunde 15. Lakini ukimwonyesha mtazamaji bomu mapema, na wale wawili hawajui, yale yale mazungumzo ya kawaida yanampa roho juu kwa dakika 15.

Tulikuwa na njia mbili. Ya kwanza: mama anapapasa kiunoni, kitambaa hakuna, na sisi tunashtuka pamoja naye. Ya pili: tunakiona kitambaa kikiteleza kwenye gunia huku mama anacheka na jirani. Tulichagua ya pili. Kuanzia hapo kila kitu cha kawaida kikawa na uzito: mama anashona, dalali analalamikia bei, mtoto anasaidia kusukuma, na mtazamaji anataka kupiga kelele.

Hatua ya 4: Panda mapema, vuna mwishoni

Mkulima wa huku hahitaji kufundishwa hili. Kitu kitakachookoa au kuangamiza mwisho wa hadithi kionekane mwanzoni, kikiwa na sura ya kitu cha kawaida.

Tulipanda viwili. Uzi mweupe unamwishia mama, anamalizia gunia la mwisho kwa uzi mwekundu alioufumua kwenye sweta kuukuu. Ndiyo maana baadaye Lusajo anaweza kulitambua gunia kati ya mia. Na lile fundo: mwishoni Lusajo anafumua gunia la watu, viazi vinamwagika lami, utingo anamkamata na kitambaa mkononi. Mwizi. Katika filamu ya De Sica aliyeibiwa naye anaishia kuiba, na hilo ndilo linalouma kuliko baiskeli. Sisi tulimpa Lusajo nafasi moja. Utingo anakifungua kitambaa, anahesabu, anamrudishia kikiwa wazi: "Kama ni cha mama yako, kifunge alivyokifunga." Mtoto ambaye usiku alishindwa. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Sikwambii kama aliweza.

Hatua ya 5: Andika skripti

Utaratibu ni mwepesi. Kila sini ina kichwa kinachosema ni ndani au nje, wapi, na muda gani. Chini yake andika kinachoonekana na kinachosikika, kwa wakati uliopo. Usiandike "anakumbuka marehemu baba yake", maana kamera haiwezi kushuti kumbukumbu. Andika kwamba anachukua koti kubwa ukutani na kulivaa. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti ukurasa mmoja hukaribia dakika moja, kwa hiyo filamu ya dakika 10 ni kurasa 10. Ukifika 25 umeandika tamthilia.

Sehemu ya yetu:

NJE. SEHEMU YA KUPAKILIA, UYOLE – ASUBUHI, UKUNGU

Lori limejaa nusu. Vichwa vya magunia vimeshonwa kwa uzi mweupe. LUSAJO (11) anazunguka nyuma, anapapasa gunia mojamoja. UTINGO (25) anamtazama kutoka juu.

UTINGO
Dogo, unatafuta nini?

LUSAJO
Shikamoo kaka.

UTINGO
Marahaba. Nimekuuliza unatafuta nini.

Lusajo anauona uzi mwekundu, tabaka la tatu kutoka chini. Gunia jingine linatupwa juu yake.

LUSAJO
Mnaondoka saa ngapi?

UTINGO
Ukungu ukitoka, na sisi tunatoka.

Rasimu ya kwanza ya sini hii ilikuwa kurasa mbili. Lusajo alieleza kila kitu: fedha, mama, sare. Utingo akamwonea huruma. Filamu ikafia hapo, maana mtu akieleza shida yake na akasaidiwa hakuna cha kutazama. Tulipoondoa maelezo ndipo tukajiuliza kwa nini mtoto hasemi, na jibu likatupa mhusika: ukitaja fedha mbele ya wapakiaji 10, gunia litafumuliwa kabla hujamaliza sentensi. Ni mtoto mwerevu.

Kuna zoezi nalipenda. Funika mazungumzo yote kwa kiganja usome maelezo ya vitendo peke yake. Kama hadithi haieleweki hata nusu, umeandika mchezo wa redio.

Suala la lugha. Sembène alianza kama mwandishi wa vitabu, akageukia filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma, na mwaka 1968 alitoa Mandabi kwa Kiwolof. Kwetu, mama na mtoto nyumbani wangesema Kinyakyusa, barabarani Kiswahili. Acha iwe hivyo, weka maandishi chini. Mama wa Uporoto anayeongea Kiswahili cha taarifa ya habari akiwa jikoni kwake anamtoa mtazamaji kwenye filamu. Na Mhehe akimwamkia mwenzake "kamwene", Iringa nzima itajua unawajua.

Hatua ya 6: Chora shoti zako

Satyajit Ray wa India alichora filamu yake ya kwanza, Pather Panchali ya mwaka 1955, picha baada ya picha. Yeye alikuwa mchoraji. Wewe chora vijiti vyenye vichwa, inatosha. Lengo ni kujua kamera inasimama wapi kabla watu hawajaanza kukupigia simu wanauliza chai iko wapi.

Mambo mawili ya kushika. La kwanza ni mstari. Chukulia barabara ya lami ndiyo mstari wako: ukiamua kamera iko upande wa maduka, ibaki huko. Ukivuka, lori lililokuwa linatazama kulia kuelekea Makambako litatazama kushoto, na mtazamaji atadhani limegeuza linarudi Tunduma. Hayo hayo kwa watu wawili wanaoongea: chora mstari kati yao, usiuruke.

La pili ni somo la Lev Kuleshov, Mrusi wa miaka ya 1920 hivi. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, usiofanya chochote, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza la mtoto, mara na mwanamke. Watazamaji waliona njaa, huzuni, tamaa. Uso haukubadilika, kilichobadilika ni picha iliyofuata. Kwa hiyo usimlazimishe mtoto "aonyeshe wasiwasi". Mwambie atazame. Kisha kata uonyeshe gunia linalofunikwa na jingine. Wasiwasi utaletwa na mtazamaji mwenyewe.

Hatua ya 7: Soma mwezi kabla ya kupanga ratiba

Ray alikuwa na sini moja kwenye shamba la maua meupe ya nyasi ndefu. Alishuti siku moja, aliporudi siku nyingine akakuta ng'ombe wameyala. Alisubiri yachanue tena msimu uliofuata. Filamu nzima ilimchukua karibu miaka mitatu, fedha zikija na kukatika.

Nyanda za juu zina ng'ombe wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili na kuendelea, na Tukuyu usiihesabie miezi kabisa. Maua ya Hifadhi ya Kitulo ni ya mvua, ukienda Agosti utashuti nyasi kavu. Ukungu wa asubuhi na baridi ni Juni na Julai. Mimi niliwahi kushuti Aprili ndani ya nyumba ya bati, siku tatu, na sauti yote ikawa mvua. Mara nyingine mwigizaji wangu mkuu alikwenda kunyoa Jumapili katikati ya kazi, "ili nipendeze". Tangu hapo naandika kwenye makubaliano: nywele ziachwe.

Ukitaka mvua ionekane, fahamu kamera huwa haiioni vizuri. Akira Kurosawa kwenye Rashomon, mwaka 1950, alichanganya maji ya mvua na wino mweusi ili ionekane. Njia rahisi ni kuweka mwanga nyuma ya mvua na kitu cheusi nyuma ya mwanga. Taa za bajaji zinatosha.

Hatua ya 8: Vibali

Kwa ufupi. Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa vibali vya kutengeneza filamu na kupanga madaraja kabla ya kuonyesha hadharani, chini ya sheria ya mwaka 1976. Pita pia ofisi ya serikali ya mtaa, muone mwenyekiti uso kwa uso. Hifadhini kuna utaratibu wake na ada zake. Mtoto haigizi bila mzazi kusaini na kuwepo. Na mwenye lori apewe maandishi, hata kama ni shemeji yako.

Hatua ya 9: Ongoza watu

Lamberto Maggiorani, yule baba wa baiskeli, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. De Sica alimtaka kwa uso wake na anavyotembea. Utingo wetu ni utingo. Anavyoruka kutoka juu ya shehena na kutua bila kuangalia chini, hakuna mwigizaji ambaye angejifunza kwa wiki mbili.

Mtu asiyewahi kuigiza ukimwambia "kasirika" atakunja uso kama kinyago. Mpe kazi ya kufanya. "Mchunguze kama anakudanganya." "Endelea kupanga magunia, usimruhusu akucheleweshe." Mikono ikiwa na kazi, uso unasahau kuigiza. Usimsomeshe mtoto skripti nzima, mweleze sini akiwa amesimama pale pale. Na siri nyingine: sini ya fundo tuliishuti mwisho kabisa, na hatukumfundisha Lusajo kulifunga. Alikuwa anajaribu kweli.

Kuna adabu pia. Kupiga kelele "kata!" mbele ya mzee wa miaka 70 aliyekuja kukusaidia bure ni utovu wa nidhamu. Msogelee, "Mzee wangu, shikamoo, naomba turudie kidogo, kosa ni la kamera." Kosa ni la kamera siku zote.

Hatua ya 10: Siku ya kushuti

Simu inatosha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa za dukani hazitacheza. Funga mipangilio ya mwanga na rangi kwenye simu isijibadilishe yenyewe, la sivyo ukungu ukisogea simu itabadilisha rangi katikati ya sini. Betri ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazinyonya. Ukitoka nje kwenye baridi na kuingia jikoni penye moto, lenzi itapiga mvuke. Iache dakika chache kabla hujaanza kufutafuta.

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi za vijana, si picha. Tumia simu ya pili kama kinasa: mfukoni mwa shati la mwigizaji, kipaza juu, kitambaa laini juu yake kwa ajili ya upepo. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti, utatumia mlio huo kuunganisha. Kabla ya kuondoka rekodi dakika nzima ya kimya cha mahali pale, injini na kunguru wake.

Kitu kitaharibika. Papa wa mitambo wa Steven Spielberg kwenye Jaws, mwaka 1975, aligoma mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi papa afichwe kwa sehemu kubwa ya filamu, na woga ukaongezeka. Dereva wetu aliyeahidi kuigiza hakutokea. Tukamfanya asionekane: honi, mlango unaofungwa kwa nguvu, kiwiko dirishani. Akawa wa kutisha kuliko tulivyomwandika.

Hatua ya 11: Hariri, kisha kaa nyuma ya watazamaji

Unganisha kwanza bila muziki. Ingia kwenye kila sini kwa kuchelewa, toka mapema. Yale ya mlango kufunguliwa, salamu, kuketi, mengi yanakatika bila mtu kuyadai. Ukimaliza, iangalie ukiwa umezima sauti.

Halafu nenda kibanda umiza cha mtaani, muombe mwenye kibanda dakika 10 kabla ya mechi. Usikae mbele. Kaa nyuma na daftari, usiangalie skrini, angalia migongo. Andika dakika na sekunde mtu wa kwanza anapotoa simu mfukoni. Yetu ilikuwa 4:20, Lusajo anatembea tu barabarani, shoti nzuri kuliko zote, niliipenda sana. Usiku ule ule tukaikata.